Baba Kaleta Katuni, Mdogo Halali Usiku

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya, Mwanjelwa. Mume wangu anafanya kazi Iringa na hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Safari iliyopita alikuja na flashi aliyojaziwa muvi hukohuko. Ndani yake mna katuni za Kiafrika zinazoitwa Kizazi Moto: mambo ya roboti, viumbe wa anga, mizimu na watu nusu mashine. Ilikuwa likizo ya Juni, na baridi ya huku unaijua. Watoto walijifungia ndani wakaziangalia zote.

Mkubwa, wa kike, ana miaka kumi. Amezipenda mno. Siku hizi anachora miji ya angani na kuniuliza maswali nisiyoyaweza. Wa kati, wa kiume, ana saba. Amegeuza fagio kuwa silaha, na juzi aliruka kutoka juu ya ukuta wa jirani akateguka mkono. Wa mwisho, naye wa kiume, ana minne. Huyo ndiye anayeniumiza. Anaamka usiku akilia, anasema "lile jitu" liko dirishani, na chooni haendi peke yake.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu, akaona kidogo, akasema huo ni ushetani mtupu, flashi ichomwe moto. Mume wangu kwenye simu anacheka: "Katuni ni za watoto, waache wachangamke." Nimebaki katikati. Sitaki kumkosea mama, sitaki ugomvi na mume, lakini mtoto halali. Nifanyeje?

Mama Watatu, Mwanjelwa

Jibu

Mwanangu, pole kwa usiku unaokatika, na pole kwa mkono wa kijana. Nianze na anayelia, wengine watasubiri.

Mtoto wa miaka minne akikwambia jitu liko dirishani, usimjibu "hakuna kitu, ni picha tu." Ni kweli, lakini kwa umri wake ukweli huo haumtulizi. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya televisheni, alionyesha kwamba mtoto mdogo hutulizwa zaidi na vitendo, na mkubwa ndiye anayetulizwa na maelezo. Basi tenda. Mkumbatie, mpe maji, washa taa, funua pazia alione dirisha lenyewe, mpeleke chooni bila kumcheka. Mchana mpe karatasi alichore hilo jitu, kisha alifanye atakavyo: alivike gauni, alitie masharubu, alichanechane. Kaka na dada yake wasimtishe nalo hata kwa utani. Na asiziangalie tena katuni hizo kwa sasa, hata za kupita tu akienda jikoni. Ikiwa mwezi utapita naye bado yuko vilevile, au akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, mpeleke kwa daktari wa watoto. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya haiko mbali nawe.

Sasa niseme na baba yao. Kauli kwamba katuni ni za watoto imewaponza wazazi wengi. Kuchora ni namna ya kutengeneza filamu, na filamu ya kuchora inaweza kubeba jambo lolote. Rick and Morty ya Marekani, iliyoanza Desemba 2013, ina babu mwanasayansi mlevi anayemzungusha mjukuu wake sayari hadi sayari. Imejaa damu, matusi na mambo ya chumbani, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Love, Death & Robots, iliyoingia Netflix Machi 2019, ni vivyo hivyo. Lakini kwa kijana anayejaza flashi, zote hizo zinaweza kukaa folda moja na Tom and Jerry, maana zote zimechorwa.

Kizazi Moto haimo katika kundi hilo, na mumeo hakukosea kuileta. Ilitoka Julai 5, 2023 kwenye Disney+. Ni filamu fupi kumi, kila moja ya dakika kama kumi hivi, kutoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria na Misri. Tanzania haimo, ingawa jina ni la Kiswahili. Iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na mmoja wa wasimamizi wake ni Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa Spider-Man: Into the Spider-Verse iliyopata Oscar mwaka 2019. Ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya.

Ila ni kazi ya watu wengi. Kila filamu ina muongozaji wake, hadithi yake na ukali wake. "First Totem Problems" ina kicheko ndani yake. "Moremi" ya Nigeria ina majitu na huzuni nzito. "Mukudzei" ya Zimbabwe inamfuata kijana mpenda sifa za mtandaoni anayejikuta katika nchi yake jinsi ambavyo ingekuwa kama wakoloni wasingefika. "Herderboy" ya Raymond Malinga wa Uganda ina wachungaji wenye viungo vya mashine wanaolinda ng'ombe. Anayekuuliza kama Kizazi Moto inafaa watoto, mjibu kwamba swali hilo huulizwa mara kumi, na kila mara linataka umri wa mtoto.

Nchi ina chombo cha kuuliza swali hilo kwa niaba yetu. Bodi ya Filamu, iliyo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, ina kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja. Kwenye king'amuzi cha DStv huonyeshwa umri pamoja na herufi: V ni ukatili, L ni lugha chafu, S ni ngono, N ni utupu. Netflix humruhusu mzazi kumfungulia mtoto ukurasa wake na kuweka namba ya siri kwenye ule wa wakubwa. Flashi ya mumeo haikuja na lolote kati ya hayo. Aliyenakili alichukua picha akaiacha alama ya umri hukohuko. Kwa hiyo bodi ya ukaguzi, mwanangu, ni wewe na mumeo.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Filamu hizi zinasemwa Kiingereza, na humo zimechanganywa lugha za Kiafrika. Kijana wako wa miaka saba, kama anasoma shule ya Kiswahili, Kiingereza chake bado ni salamu na kuhesabu. Kwa hiyo hadithi hakuiona. Aliona watu wakirushana, mwanga ukipasuka, jitu likitokea, kisha majina ya watengenezaji. Sababu ya ugomvi, majuto ya aliyekosea, msamaha wa mwisho, vyote vimo kwenye maneno, na maneno yamempita. Kilichobaki ni mapigo. Usishangae akishika fagio.

Wengine hukimbilia zilizotafsiriwa. Tangu enzi za msimuliaji Lufufu, kusimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake ni sanaa yetu, na siwezi kuidharau. Lakini msimuliaji wa banda umiza, lile banda la kuonyeshea video, anawasimulia watu wazima waliolipa kiingilio. Atatia mzaha wa kitandani, atatia tusi, atamfanya msichana shujaa kuwa demu wa mtu. Filamu iliyokuwa safi inaweza kuharibika ikiwa haijaguswa picha hata moja. Ukiletewa katuni ya kutafsiriwa, isikilize kwanza hata kabla ya kuitazama.

Hapo ndipo penye msimamo wangu. Kwa watoto wetu, filamu ya lugha ngeni hufaa au hudhuru kwa kadiri ya mtu anayewasimulia. Tazama Iringa anakofanya kazi mumeo. Wanafunzi hupelekwa Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, wakaonyeshwa fuvu la mtemi aliyejiua mwaka 1898 asitiwe mikononi na Wajerumani, fuvu lililorudishwa nchini mwaka 1954. Hilo ni fuvu la mtu kweli, na hakuna katuni inayolifikia kwa kutisha. Lakini pale pana mtu mzima anayewaeleza huyu alikuwa nani, alipigana na nani, na kwa nini alirudishwa, na watoto wanaondoka na historia. Fuvu hilohilo liweke sebuleni usiku bila neno, uone kama kuna atakayelala.

Mama mkwe naye msikilize kwa heshima, maana hoja anayo. Katika "Enkai" ya Ng'endo Mukii wa Kenya, jina ambalo Wamasai humwita Mungu amepewa msichana, na mama yake yuko mbioni kuiokoa dunia iliyochafuliwa. Mtu wa dini anaweza kukwazika, na ana haki hiyo. Kila nyumba ina imani yake, na mzazi anaweza kuiruka filamu moja bila kumtaka mtu radhi. Bado zitabaki tisa.

Lakini mzimu kutajwa ndani ya hadithi hakuigeuzi hadithi kuwa ibada. Mazimwi yamemeza watoto katika ngano zetu tangu zamani, na wasimuliaji wakubwa walikuwa bibi zetu hawahawa. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa akimtazama mtoto usoni. Akiona macho yamemtoka, anapunguza ukali, anaingiza wimbo, analiharakisha zimwi lipasuliwe tumbo na watoto watoke wazima. Kioo hakimuoni anayekitazama. Basi usimjibu mama kwa ubishi. Mwombe akae na wajukuu wawili wakubwa, aangalie filamu moja mliyoichagua, na ikiisha awasimulie ya kwao Rungwe. Akishaiona nzima, akisema hapana, hapana yake itakuwa na uzito.

Kukataza kwa jumla kulijaribiwa kwa jirani zetu. Juni 2017 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo Adventure Time, Steven Universe na The Legend of Korra, kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. Kila familia ina maoni yake juu ya uamuzi ule. Ninachokiona mimi ni kwamba haukumsaidia mzazi hata mmoja kujua kama mwanawe wa miaka minne angelala vizuri baada ya kuangalia zile zilizoruhusiwa. Kazi hiyo ilibaki nyumbani.

Tuwachukue watoto wako mmoja mmoja.

Wa minne huogopa anachokiona. Cantor na mwenzake waliwahi kuchunguza watoto waliotazama The Incredible Hulk, ile ya mtu anayegeuka jitu la kijani na kuwaokoa watu. Wadogo waliogopa zaidi pale sura ilipogeuka, ingawa jitu lile ni mwokozi. Wakubwa waliogopa kabla ya hapo, watu walipokuwa hatarini, na jitu lilipotokea wakashusha pumzi. Hadithi za sayansi ya kubuni zimejaa sura zinazogeuka: mtu anakuwa mashine, mnyama anakuwa moshi, jicho linawaka taa. Kwa umri wake hazifai, hata ziwe nzuri vipi. Mpe Akili and Me ya Ubongo, kampuni ya Dar es Salaam, inayopatikana kwa Kiswahili. Akili ana miaka minne kama yeye, anaishi chini ya Kilimanjaro, na akilala huingia nchi ya ajabu yenye marafiki. Kwa mtoto anayeuogopa usingizi, hilo ni jambo jema kuliona. Watafiti waliipima kwa watoto wa Morogoro wakaona waliotazama walipiga hatua katika mambo kama kuhesabu. Lakini isizidi saa moja kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2019 kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, na isiwe karibu na kulala.

Wa saba huiga. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu la kupulizwa, wengine kwa filamu, wengine kwa mtindo wa katuni. Walipoachwa na sanamu hilo, watoto nao walilipiga, hata kwa mitindo ileile waliyoiona. Shujaa wa katuni akiruka kutoka juu na kutua bila mchubuko, mtoto wa saba hajui kwamba aliyemdaka ni mchoraji. Kwake ruhusu filamu chache mlizozichagua, na baba amsimulie kwa Kiswahili zikiendelea. Ikifika sehemu ya kuruka, baba aisimamishe amuulize: "Hapo kweli angeumia wapi?" Jibu analo kwenye mkono wake. Na akimaliza kuangalia, atoke nje akacheze.

Wa kumi anaelewa, na kuelewa kuna hofu yake. Haogopi tena meno ya jitu, anaogopa linaloweza kutokea kwao. Ukija kuletewa katuni ya Iwájú, iliyotoka Februari 28, 2024, utaona Lagos ya kesho iliyopendeza, roboti mwenye umbo la mjusi, na mhalifu anayeteka watoto. Mtoto wa London ataiona kama msisimko tu. Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini amekua akisikia wakubwa wakizungumza juu ya watoto waliotekwa na kuuawa Njombe kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019. Siyo lazima umnyime, ila kaa naye, na muulize anafikiria nini. Mtengenezaji wa filamu hajui habari za Njombe, wewe unazijua.

Vilevile usiizime ile kiu ya maswali. Msichana anayechora miji ya angani mpelekeni akaone kimondo cha Mbozi. Panda basi la kuelekea Tunduma, shuka Mlowo, kisha tafuta usafiri hadi kilima cha Marengi. Pale pana bonge la chuma lenye uzito wa tani zipatazo 16, lililotoka angani kweli. "Mukudzei" nayo muiangalie na kuizungumzia: kijana anayetaka kupendwa na watu wa kwenye simu, na Afrika ambayo haikutawaliwa. Muulize Uhehe ya Mkwawa ingekuwaje leo. Mkipata Netflix, mtafutieni Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia, iliyotoka Julai 20, 2023: wasichana wanne wa sekondari wanaolinda Lusaka ya kesho chini ya mama mmoja jasusi mstaafu. Huyo na mdogo wake wa saba wanaweza kuiangalia pamoja.

Tahadhari moja ya afya, kwa wasomaji wote. Desemba 16, 1997 kipindi kimoja cha Pokémon kilichokuwa na mwanga wa kumweka haraka kiliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600 nchini Japani. Filamu za anga hupenda miale ya namna hiyo. Mtoto mwenye kifafa asiziangalie kabla hamjaongea na daktari. Na watoto wote wakae mbali na kioo, taa ya sebule ikiwa inawaka.

Sasa cha kufanya. Flashi usiichome, iweke kabatini kwako. Mumeo akirudi, usimwambie ameleta uchafu, maana hakuuleta. Mwambie ameleta chakula kizuri bila kukionja. Watoto wakilala, ziangalieni wenyewe. Zote kumi hazifiki saa mbili. Kwa kila moja andikeni mambo matatu: kuna sura inayogeuka au kutisha, kuna tendo ambalo mtoto anaweza kuliiga akaumia, na mwishoni nani amelipia ubaya. Filamu ambayo mwovu anashindwa kwa akili na aliyekosea anajuta, ina cha kumfundisha mtoto. Filamu ambayo kila jambo linamalizwa kwa kipigo, na hakuna anayelia, itupeni.

Najua kioo ni kimoja na sebule ni moja. Basi wakubwa waangalie Jumamosi mchana, filamu mbili, mdogo akiwa amelala au ametoka na wewe. Saa mbili usiku runinga izimwe. Baba akiwa Iringa, hakuna katuni mpya inayofunguliwa mpaka mmoja wenu ameiona.

Hukumu yangu ni hii. Kizazi Moto inamfaa wa kumi akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Inamfaa wa saba kwa kuchagua na kusimuliwa. Wa minne haimfai, asubiri akue. Wazazi wengine mnaonisoma, kabla hamjampa mtoto flashi, itazameni wenyewe kwanza.